Wiki mbili bila kiburu

*Utafiti uliofanyika Kilimanjaro umeonyesha jinsi mwili wa kijana mzima unavyobadilika haraka anapobadilishiwa sahani. Swali la akili ni gumu zaidi, na gumu kuliko yote ni hili: nani anaamua tule nini mchana?*

Saa saba mchana, vibanda vya chipsi vya jirani na stendi ya mabasi Moshi huwa havina nafasi ya kusimama. Viazi vinaingia kwenye karai, vinatolewa, vinamwagiwa mayai mawili, vinageuzwa mara moja na kupakuliwa. Chumvi. Tomato. Pilipili kwa anayetaka. Dereva wa bodaboda anakula akiwa amekaa juu ya pikipiki yake, soda ya baridi mkononi, jicho liko barabarani abiria asije akampita. Dakika chache tu, amemaliza na amewasha pikipiki.

Ukipanda kidogo kuelekea Kibosho au Old Moshi, saa hizo hizo utakuta jikoni kuna sufuria ya kiburu, ndizi na maharage yaliyopikwa pamoja mpaka yakaelewana. Pembeni kuna mnafu au mchicha uliochumwa kihambani asubuhi. Jioni, wazee watakaa na mbege, kinywaji cha ndizi mbivu na kimea cha ulezi.

Kati ya karai lile na sufuria hii ndipo watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walipoweka swali lao. Godfrey Temba, Quirijn de Mast na wenzao walikusanya wanaume 77 wenye afya njema wa Mkoa wa Kilimanjaro. Wanaume 23 wa vijijini, waliozoea chakula cha asili, walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye chakula cha kimagharibi chenye vitu kama soseji, mkate mweupe na chipsi. Wengine 22 wa mjini wakaenda kinyume chao, wakarudi kwenye chakula cha asili. Kundi la tatu, watu 22, lilikunywa mbege kwa wiki moja. Kumi waliobaki waliendelea na ulaji wao wa kila siku.

Matokeo yalichapishwa Aprili 2025 katika jarida la Nature Medicine. Wale wa vijijini waliokula kimagharibi waliongezeka uzito ndani ya siku hizo 14, na damu yao ikaonyesha dalili za inflamesheni, yaani kinga ya mwili kubaki imeamka na kumwaga kemikali za mapambano ilhali hakuna ugonjwa wa kupambana nao. Papo hapo, seli zao za kinga zikawa dhaifu zaidi zilipokutanishwa na vimelea halisi. Waliorudi kwenye chakula cha asili, na hata waliokunywa mbege, walielekea upande wa pili: dalili za inflamesheni zilishuka. Baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baada ya jaribio kwisha.

> Siku 14 tu za kubadilishiwa sahani zilitosha kubadili mwenendo wa kinga ya mwili.

Nadhani jambo la kusimama nalo hapa ni muda. Tumezoea kuambiwa kwamba chakula kibaya kitatudai uzeeni, na kijana wa miaka 25 akisikia hivyo anaona bado ana nafasi. Utafiti huu unasema deni linaanza kuandikwa mwezi huu huu. Unasema pia kwamba linaweza kupunguzwa mwezi huu huu.

Ulikuwa na mipaka yake, na ni haki kuitaja. Washiriki walikuwa wanaume peke yao, wachache, kwa muda mfupi. Mbege ina kilevi, na kuipima kwa wiki moja si kumruhusu mtu kuinywa kila siku maisha yake yote. Na jambo linaloihusu makala hii moja kwa moja: watafiti walipima kinga na jinsi mwili unavyotumia chakula. Furaha, usingizi na huzuni ya wale wanaume havikuwa swali lao.

Tulijua tangu Mulago

Afrika Mashariki si mgeni katika mjadala huu. Hugh Trowell na Denis Burkitt, madaktari waliofanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, katikati ya karne iliyopita, waliona wodini jambo lililowasumbua. Magonjwa yaliyojaza hospitali za Uingereza, kama kisukari cha ukubwani, mishipa ya moyo kuziba na saratani ya utumbo mpana, yalikuwa adimu mno kwa wagonjwa wao Waganda. Burkitt alikuja kuwa mtetezi mkuu wa nyuzinyuzi za chakula, makapi yale ya nafaka, maharage na mboga ambayo viwanda vya Ulaya vilikuwa vimeyaondoa kwenye mkate.

Baadaye hoja yake ilirekebishwa sehemu kadhaa, maana wagonjwa wa Mulago walitofautiana na Waingereza kwa mengi zaidi ya chakula. Walitembea zaidi, walifanya kazi za mikono, na wengi hawakufika uzee. Hata hivyo msingi wake haujabomoka. Bakteria wanaoishi kwenye utumbo mpana hula nyuzinyuzi hizo na kutengeneza asidi zinazolisha ukuta wa utumbo na kutuliza kinga. Zisipofika, hakuna cha kula.

Leo hatuwezi tena kusema magonjwa hayo ni ya Uingereza. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta asilimia 9.1 wana kisukari na karibu asilimia 26 wana shinikizo la juu la damu. Katika uchunguzi huo huo, watu 97 kati ya 100 hawakufikia kiwango cha matunda na mboga kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, ambacho ni gramu 400 kwa siku. Hii ni nchi ambayo maembe huoza chini ya miti.

Tofauti ya kijiji na mji ilikuwa imeshapimwa pia. Mwaka 2021 kundi hilo hilo la KCMC na Radboud lilichapisha utafiti wa Watanzania 323 wenye afya, wa mjini na vijijini Kilimanjaro. Wa mjini walikuwa na inflamesheni zaidi, na sehemu ya tofauti hiyo ilifuata chakula. Jaribio la wiki mbili lilifanyika ili kuona kama chakula ndicho kinachosababisha au kinaonekana tu kwa sababu kimeandamana na maisha ya mjini.

Kuna jaribio jingine la kujibu swali hilo, nalo lilifanyika Marekani. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa taasisi ya taifa ya afya walichapisha matokeo ya watu 20 waliolazwa kituoni. Walipewa vyakula vilivyosindikwa sana kwa wiki mbili, na visivyosindikwa kwa wiki mbili nyingine. Milo ilipangwa ilingane kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliruhusiwa kula mpaka atosheke. Walipokula vilivyosindikwa walijikuta wanaongeza kalori 500 hivi kwa siku na kunenepa karibu kilo moja. Hakuna aliyewalazimisha. Kwa hiyo mtu akinenepa mjini, tusikimbilie kumwita mlafi.

Akili nayo hula

Uhusiano wa chakula na akili mara nyingi huzungumzwa kama jambo jipya, la watu wenye nafasi ya kufikiria mambo hayo. Kwa kweli tuna ushahidi wa zamani sana, na mwingine ulitokea jirani kabisa.

Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliishi kwa mgawo wa chakula ambao sehemu yake kubwa ilikuwa mahindi. Karanga zilikuwemo pia, na hizo ndizo zilizowapa vitamini iitwayo niasini. Karanga zilipokosekana kwenye mgawo, ugonjwa wa pelagra ukalipuka. Watu zaidi ya 17,000 waliugua. Pelagra huanza na ngozi kubabuka pale jua linapopiga, hufuata kuharisha, kisha akili huvurugika: mgonjwa hupatwa na huzuni, husahau, mpaka anachanganyikiwa. Asipotibiwa hufa.

Mahindi yana niasini, lakini imefungwa kwa namna ambayo utumbo wetu hauwezi kuifungua. Wenyeji wa Mexico waliochemsha mahindi kwa maji ya chokaa walikuwa wanaifungua kwa karne nyingi. Mahindi yalisafiri dunia nzima bila ujuzi ule. Kusini mwa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, hospitali za wagonjwa wa akili zilikuwa na wagonjwa wengi wa pelagra, na madaktari walidhani ni maambukizi. Daktari Joseph Goldberger alipoonyesha mwaka 1915 kwamba ni chakula, wengi walimkatalia. Chanzo kilikuwa umaskini wa sahani, na hilo lilikuwa gumu kumeza kuliko mdudu.

> Karanga zilipotoka kwenye mgawo, watu zaidi ya 17,000 waliugua ugonjwa unaovuruga ngozi, tumbo na akili.

Madini joto yana kisa kinachofanana. Mama mjamzito akiyakosa, ubongo wa mtoto hauumbiki ipasavyo, na hasara hiyo hairudishwi baadaye. Nyanda za Juu Kusini zilijulikana kwa uvimbe wa shingo kabla chumvi haijaanza kuwekewa madini hayo. Pakiti ya chumvi ya dukani, ambayo hakuna anayeitazama mara mbili, imelinda akili za watoto wengi kuliko kampeni yoyote ninayoijua.

Kisha kuna madini chuma. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zinaonyesha wanawake 42 kati ya 100 wa umri wa kuzaa nchini wana upungufu wa damu. Si wote kwa sababu ya chakula, maana malaria na minyoo vimo. Ila upungufu wa madini chuma unajulikana kwa kuleta uchovu usioisha, kukosa umakini na kunyong'onyea. Mwanamke anaambiwa mvivu, au amebadilika, au ana mawazo, na hakuna anayempima damu. Chai nyeusi ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini chuma yanayofyonzwa kutoka kwenye maharage na mboga, na ndimu au chungwa huyaongeza. Kuisogeza chai hadi saa moja baada ya mlo hakugharimu shilingi.

Je, chakula hutibu sonona?

Hapa ndipo wataalamu wanapogawanyika, na hapa ndipo msomaji anapohitaji kuwa mwangalifu zaidi.

Upande mmoja unasimama na jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2017, likiongozwa na Felice Jacka wa Chuo Kikuu cha Deakin. Watu 67 wenye sonona ya wastani au kali waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilikutana na mtaalamu wa lishe na kufundishwa kula nafaka zisizokobolewa, maharage, mboga, matunda, karanga, samaki na mafuta ya zeituni. La pili lilipata mtu wa kuzungumza naye tu. Baada ya wiki 12, karibu theluthi moja ya kundi la chakula walikuwa wametoka kwenye sonona, wakati kundi la mazungumzo ni wanane kati ya mia. Wengi waliendelea na dawa au ushauri waliokuwa nao. Chakula kiliongezwa juu ya matibabu, hakikuchukua nafasi yake.

Ukiiangalia orodha ile, toa zeituni tu. Vingine vyote viko sokoni Tandika na Mwanjelwa.

Upande wa pili unajibu kwamba watu 67 ni wachache, na kwamba mshiriki alijua wazi yuko kundi gani. Mtu anayetarajia nafuu mara nyingi huipata. Tena jaribio kubwa zaidi la Ulaya, lililochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha watu 1,025 wenye uzito mkubwa katika nchi nne, lilitafuta kama vidonge vya virutubishi na mafunzo ya ulaji vingezuia sonona isianze. Baada ya mwaka mmoja, hakuna kilichozuia.

Kuna hoja nyingine isiyopaswa kupuuzwa. Sonona yenyewe hubadilisha ulaji. Mwenye sonona hupoteza hamu ya kula, au hula vitu vitamu usiku, au hana nguvu ya kuwasha jiko. Ukimkuta anakula vibaya, huwezi kusema mara moja kipi kilitangulia.

Nikipima pande zote, naona ushahidi unaturuhusu kusema hivi: upungufu wa virutubishi fulani huvuruga akili, hilo halina ubishi. Ulaji wa jumla ulio mzuri huenda humsaidia mwenye sonona akiendelea na tiba yake. Vidonge vya vitamini kwa mtu asiye na upungufu havijaonyesha msaada. Na yeyote anayemwambia mgonjwa aache dawa za hospitali anywe juisi ya majani anamweka hatarini. Maneno hayo yanauzwa sana siku hizi, yakipambwa na hoja kwamba sehemu kubwa ya serotonini ya mwili iko tumboni. Ni kweli iko huko, takriban asilimia 90. Lakini serotonini ya tumboni haivuki kuingia kwenye ubongo.

Si kila cha asili ni salama

Baada ya matokeo ya Kilimanjaro, imekuwa rahisi kusema turudi kwenye chakula cha babu. Nafurahi kuona kiburu na mlenda vikiheshimiwa, maana kwa muda mrefu mtoto wa mjini alifundishwa kuvionea aibu. Ila kauli hiyo inaficha mambo mawili.

La kwanza ni usalama. Tunashauriwa tuache sembe tule dona, na ushauri ni mzuri, kwa kuwa kukoboa huondoa nyuzinyuzi na vitamini nyingi. Lakini dona ni punje nzima, pamoja na lile ganda ambalo sumukuvu hukaa kwa wingi. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Dona salama huanzia kwenye kukausha na ghala, si jikoni. Anayehimiza dona asiwasahau wakulima wanaoanika mahindi chini kwenye udongo.

La pili ni kwamba cha asili kinaweza kuwa kimoja tu. Iringa inalisha nchi. Takwimu za mwaka 2022 zilionyesha zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Magunia yamejaa, mtoto anakula uji wa mahindi asubuhi na ugali jioni, mama yuko shambani tangu alfajiri na hana muda wa kumlisha mara nne kwa siku. Kudumaa si ufupi wa kimo peke yake, ubongo pia hukua ndani ya miaka hiyo. Sahani ya Kilimanjaro iliyoshinda soseji haikushinda kwa kuwa ya kale. Ilikuwa na ndizi, maharage, mboga na vitu vilivyochachushwa, vyote kwenye juma moja.

> Iringa inalisha nchi, na zaidi ya nusu ya watoto wake wadogo wamedumaa.

Bei ya kuchemsha maharage

Miongozo ya lishe haikosekani. Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa mwaka 1973, na imeshaeleza makundi ya chakula kwa Kiswahili chepesi ambacho kila mtu anakielewa. Watu wengi ninaowaona wakila chipsi wanajua kwamba mboga ni bora. Kama ujuzi ungetosha, tungekuwa tumemaliza.

Chukua mpangaji wa chumba kimoja Mbagala au Manzese. Anatoka saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa mbili usiku. Maharage makavu yanataka saa mbili au zaidi jikoni, na mkaa unanunuliwa kwa kopo. Gharama ya kuyachemsha inaweza kukaribia bei ya maharage yenyewe. Hana friji ya kuweka mboga. Chini ya ngazi kuna chipsi, tayari, za moto, na chupa ya soda ya mililita 350 ambayo peke yake ina sukari ya vijiko vinane hivi vya chai. Anashiba, analala. Kumwambia mtu huyu ajali afya yake bila kugusa mkaa, muda na chumba chake ni kumtwisha mzigo ambao si wake peke yake.

Ndiyo maana naona Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, ni jambo la lishe kama ulivyo jambo la misitu. Sufuria ya presha ya umeme huivisha maharage kwa muda mfupi sana na umeme kidogo. Tatizo ni bei ya kuinunua mara ya kwanza, na hapo mkopo mdogo wa kikundi unaweza kufanya kazi ambayo mabango ya afya hayajaiweza.

Na yupo mama lishe. Kila siku anapika wali maharage, mchicha, dagaa au samaki wa kuchemsha, kwa bei ambayo kibarua wa ujenzi anaimudu. Mlo wake uko karibu zaidi na sahani ya kiburu kuliko chochote kinachouzwa barabarani, na amekwisha kulipa gharama ya kuchemsha kwa niaba ya wateja wengi. Hata hivyo yeye ndiye anayeondolewa wa kwanza barabara inaposafishwa, ndiye asiye na bomba la maji karibu, na ndiye anayehamishwa kutoka stendi mpya kwa kukosa kodi ya kizimba. Kibanda cha chipsi, kinachotaka jiko moja na karai, huhama na kurudi kesho yake. Sufuria nne za mama lishe hazihami hivyo.

Halmashauri zetu hupanga bajeti ya lishe kila mwaka, na mara nyingi huishia kwenye semina na vipeperushi. Safari hii madiwani wanaweza kuuliza maswali mengine: katika stendi na soko letu, vizimba vingapi vimetengwa kwa wapika chakula, kodi yake ni kiasi gani kwa siku, na maji yanafika?